Nusu Gunia Kwenye Kiti cha Kushoto

Karibu, kaa hapo kwenye mkeka, lakini ikifika saa kumi unikumbushe. Usisahau. Mke wangu yuko jikoni anachambua mchele, na ukitaka unaweza kwenda kumuuliza haya nitakayokueleza. Atakwambia hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka kwa niaba yetu wawili. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua linawaka, sina homa, sijatafuna miraa, na kileo sijakionja tangu nizaliwe. Watu wengi nimewasimulia wakanicheka usoni. Na wewe cheka ukitaka, lakini sikiliza mpaka mwisho, maana siku moja utanunua gari la mtu.

Mimi ni mtoto wa Majengo, hapa hapa Pumwani. Nimefanya kazi karakana ya reli miaka thelathini na kitu, fundi wa injini. Sasa utauliza, fundi wa reli na gari la mbio la Kitaliano wapi na wapi? Wakati wa vita vikuu vya pili, nikiwa kijana, nilipata kibarua kambini, kule Wataliano waliokamatwa vitani walikokuwa wakijenga barabara. Mmoja wao, mrefu, meno mabovu, alikuwa makanika kwao. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaubana sikioni. Utasikia kila kilichomo ndani, hata usichokiona. Jioni alikuwa akinichorea gari kwa makaa, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Gari la chini, pua ndefu, viti viwili. Ananionyesha kidole kwangu, kisha kwake, anacheka. Mimi na yeye. Basi nikaapa moyoni kwamba gari lile nitalipata.

Miaka arobaini nilitembea na gari lile kichwani. Kila Pasaka magari ya mashindano yakipita, mimi Muislamu wa Majengo nilikuwa wa kwanza kusimama kando ya njia na chupa yangu ya chai, nikila vumbi. Huko ndiko nilikojifunza kazi yao. Ndani wanakaa wawili. Mmoja anaendesha. Wa pili, wa kushoto, ana daftari mapajani, na kazi yake ni kumsomea mwenziwe njia: kulia kali, mita mia, kushoto taratibu, daraja, usiachie. "Usiachie" maana yake usiinue mguu kwenye mafuta. Dereva habishi wala hamjibu. Anasikia, anatii. Na wakifika mwisho, yule msomaji ndiye anayeuliza saa na kuhakikisha imeandikwa kwenye kadi. Saa isipoandikwa hamjafika, hata kama mmefika. Lishike hilo.

Nikastaafu. Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano, nadhani umeusikia. Foleni ya unga ilikuwa inaanza alfajiri, na ukibahatika unarudi na pakiti moja ya unga wa njano unaonuka gunia. Na mwaka huo huo ndio mimi niliouona unafaa kununua gari la anasa. Mama Halima, mke wangu, aliniuliza kama jua limenipiga utosini.

Nilielekezwa Buruburu kwa mtu anayeitwa Daudi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, anachechemea. Gari lilikuwa uani kwake chini ya turubai. Alipolifunua, sikufichi, machozi yalinilenga. Jekundu, ingawa rangi ilikuwa imepauka, pua ndefu, viti viwili. Lile lile la mfuko wa saruji! Nikatoa bisibisi yangu, nikamwambia awashe, nikasikiliza silinda moja baada ya nyingine. Injini safi. Ubavu wa kushoto tu ndio uliokuwa umenyooshwa na kupakwa rangi upya. Kazi nzuri, lakini mimi ni fundi, niliiona.

Kwenye kiti cha kushoto palikuwa na gunia la mahindi lililojazwa nusu, limesimamishwa, limefungwa mkanda kifuani kama mtu.

"Hili la nini, bwana?" nikamuuliza.

"Gari ni jepesi, mzee. Linataka uzito upande huo. Usilitoe."

"Na siku nikitaka kubeba mtu?"

Akainama kukunja turubai. "Usibebe mtu, mzee wangu. Liendeshe mwenyewe, ufurahi."

Ningeuliza zaidi. Ningeuliza kwa nini asubuhi nzima hakuzunguka upande wa kushoto hata mara moja. Lakini nilikuwa nimeshashika funguo. Nikajijibu mwenyewe kifundi, kwamba kweli gari jepesi hutaka kusawazishwa, nikamaliza. Nilipokuwa naondoka, Daudi alisimama getini na mkono juu, kama mtu anayeaga. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa analitazama gunia.

Nyumbani nilipokelewa kwa kelele. "Viti viwili!" Mama Halima akapiga makofi. "Tuna wajukuu saba, Baba Halima, tutawafunga juu kama magodoro? Na hicho kiti cha pili umempa gunia. Basi kaoe gunia!" Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikafura siku nzima, lakini jioni nilimwona kupitia dirishani anapitisha kidole kwenye rangi ile nyekundu, taratibu, akidhani simwoni. Nampenda mwanamke yule. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Wiki mbili nilikuwa mfalme. Mimi na gunia langu, Jogoo Road mpaka Makadara na kurudi. Vijana wa kituo cha mafuta wananipigia mluzi, "Sasa mzee! Hiyo dinga ni moto!" Nami nainua kidole kimoja kwenye usukani kama waziri.

Halafu Ijumaa moja narudi kutoka msikitini, nakuta ugali mezani. Mweupe pepe. Tangu mwanzo wa mwaka sikuwa nimeuona mweupe namna ile.

"Umepata wapi unga huu?"

"Kwenye kiti chako," akasema Mama Halima bila kupepesa macho. "Nairobi nzima inakula mahindi ya kuku, na wewe unatembeza meupe barabarani kama bibi harusi! Nimeyapeleka kinuni. Mama Otieno hapo jirani nimempa debe, watoto wake walikuwa wamelala njaa. Na mengine nimemwekea Halima, akijifungua atapikiwa uji."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikamega tonge kubwa. Sikumlaumu siku ile na simlaumu mpaka leo. Niambie, mwanamke gani wa Majengo, mwaka ule, angeyaacha mahindi meupe yamefungwa mkanda garini?

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye gari. Lilikuwa limelalia kushoto. Nikadhani gurudumu limeisha upepo, nikalikagua, limejaa. Nikatoa rula, nikapima toka chini mpaka ukingo wa bodi, kulia kisha kushoto. Kushoto kulikuwa chini kwa vidole viwili. Nikaingia chini ya gari, springi nzima, haina ufa. Gari tupu, nakwambia. Ni kitu gani kinakandamiza springi ya gari tupu? Nikatazama ndani, nikaona mkanda wa kiti cha kushoto umefungwa. Mama Halima akaapa kwamba alipotoa gunia aliuacha wazi.

Lakini fundi ni fundi. Nikachukua bisibisi, nikaweka ncha kwenye chuma cha kile kiti, mpini sikioni. Injini imezimwa. Nje redio za majirani zinapiga kelele, mtu anauza mafuta ya taa. Na ndani ya chuma nikasikia pumzi. Inaingia, inatoka. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, kama mtu anayejisomea. Kulia kali. Mia. Kushoto taratibu. Mia mbili. Usiachie. Halafu karatasi ikafunuliwa. Nilisikia karatasi ikifunuliwa!

Bisibisi ilinianguka. Nikaingia ndani, nikanywa maji vikombe vitatu. Mama Halima akaniuliza nina nini, nikamwambia ni ule ugali. Mtu mwenye akili angemwita sheikh siku hiyo hiyo, ubani ufukizwe, gari lisomewe. Au angemrudia Daudi akamshika shati. Mimi nilikaa siku mbili nikilichungulia kupitia dirishani, sili, silali. Siku ya tatu nikaliwasha. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimelingoja miaka arobaini, nikaona siwezi kunyang'anywa katika wiki tatu.

Mara hii bisibisi haikuhitajika. Nimefika Jogoo Road, sauti ikasema pembeni yangu, kwa utulivu kabisa, "Simama." Mguu wangu ukakanyaga breki, na palepale mkokoteni wa magunia ukachomoka mbele ya basi lililosimama. Ningemuua yule mwenye mkokoteni. Nilikuwa sijamwona hata kidogo, na sasa nitakwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilikuwa nimenunua gari la mbio, na mtu akiwa mbali simtambui.

Naona haya kusema, lakini kuanzia siku ile nilimzoea yule mwenye sauti. Nilimzoea, nikamtegemea. Akisema kulia, mkono unakwenda kulia kabla sijafikiri. Akisema usiachie, mguu unazama. Sijawahi kuendesha vizuri vile maishani mwangu. Na wakati huo huo, kila nikishuka, shati limelowa jasho, maana niliona jambo lingine. Nikitoka nyumbani kwenda sokoni, nikizubaa kidogo, najikuta nimevuka Donholm naelekea mashariki. Siku moja nilishtukia niko Kangundo Road, nyumba zimeisha, na sikumbuki nilipokata kona. Petroli iliniishia, ndiyo iliyoniokoa. Nilipokuwa nimekaa pale kando ya njia nangoja msaada, sauti iliendelea kusoma gari likiwa limesimama. Kulia. Mia. Teremko. Daraja. Usiachie. Kisha inaanza tena.

Hapo ningeacha. Nilijiambia nitaacha. Nikasema baada ya arobaini ya mjukuu.

Halima, binti yetu, alikuwa amejifungua kwake Dandora, mtoto wa kiume, na siku hiyo mtoto alikuwa anatimiza siku arobaini. Mama Halima siku zote hupanda basi. Nilijua atapanda basi. Lakini siku hiyo akatoka amevaa leso mpya, ndoo ya unga mweupe mkononi, uliobaki wa ule aliomwekea Halima, akasimama mbele ya gari, akasema, "Haya. Leo nipeleke na mimi, majirani waone."

Ningemwambia nini? Kwamba kiti kina mtu? Wiki zote hizo nilikuwa nimemficha. Nikasema labda basi litamfaa zaidi na ndoo ile, akanikunjia uso. "Mimi wa kupanda basi, gunia la kupanda gari?" Akafungua mlango mwenyewe, akaingia. Na mimi nimesimama pale, jicho langu la fundi likaona kitu ambacho sitakisahau. Mama Halima si mwembamba. Lakini alipokaa, gari halikushuka hata nusu ya kidole.

Tukaenda. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nakosea, naanza upya. Sauti haikusema kitu. Tukapita Makadara, kimya. Mama Halima akawa anachekacheka, anawapungia watu mkono, ndoo ameipakata. "Kiti hiki kina joto," akasema, "kama mtu ametoka kuinuka sasa hivi." Nikajitia kukohoa. Donholm tukakata kushoto kufuata Outer Ring, Dandora iko mbele, na mimi nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, ameondoka. Amemwona mwanamke wa watu, amestahi, ameondoka.

"Kulia," akasema Mama Halima.

Mkono wangu ukakata kulia. Tumeingia Kangundo Road.

"Mama Halima, Dandora si huku."

"Mia. Kushoto taratibu. Mia mbili. Usiachie."

Sauti ilikuwa yake, ile ile inayoniita kula. Lakini mwanamke yule hajawahi kushika usukani, hajui mita mia ni umbali gani, hajawahi kusimama na mimi Pasaka hata siku moja! Nikamgeukia. Macho ameyafumba. Mfuniko wa ndoo umetoka, unga umemwagika mapajani, na mkono wake wa kulia ulikuwa unafunua kurasa ambazo hazipo. Nikamwita jina lake, lile la usichana, ambalo hata mama yake alikuwa ameacha kulitumia. Hakugeuka. "Usiachie," akasema.

Nikataka kukanyaga breki. Mguu ukakataa. Sikwambii ulikuwa umeshikwa na mtu, la, ulikuwa mguu wangu mwenyewe, lakini nilikuwa nimeuzoesha kumtii yeye, siyo mimi. Umri wote niliokuwa nao, na wiki chache tu zilitosha. Tukapita Umoja, tukapita Njiru, lami ikaisha, tukaingia njia ya murram, vumbi nyuma yetu limesimama kama ukuta. Nalia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nalia kwa sauti, namwambia, mchukue mzee, mwache mama wa watu, gari nililitaka mimi.

"Teremko," akasema. "Daraja. Usiachie."

Nikaliona daraja. Ukungu wangu wa macho na yote, nililiona. Daraja la mbao juu ya mto uliokauka, mawe matupu chini, kina cha ghorofa mbili. Na katikati daraja halikuwepo. Mbao zilikuwa zimechukuliwa na maji, mvua za zamani huko, zimebaki ncha mbili zinatazamana.

"Usiachie. Usiachie. Usiachie."

Sijui lilinijia kutoka wapi. Namshukuru Mungu kwa zile Pasaka zote nilizokula vumbi. Badala ya kumwomba, badala ya kubishana naye, nikamjibu kama dereva anavyomwambia mwenziwe mwisho wa safari. "Tumefika!" nikapiga kelele. "Tumefika, ndugu yangu! Tumemaliza!"

Mama Halima akanyamaza. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sasa haikuwa yake, ya mwanamume kijana, mchovu kupita kiasi: "Saa ngapi?"

Nikatazama mkono wangu. "Saa kumi na dakika nane."

Kidole chake kikashuka mapajani, kikaandika kwenye unga. Moja, sufuri, nukta, sufuri, nane. Mke wangu hajasoma shule, hajui kuandika hata jina lake! Alipomaliza ile nane mguu wangu ukawa wangu. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, gari likapepesuka, likaserereka, likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya ubao wa kwanza. Nikasikia ubao unalia.

Nikamvuta Mama Halima kwa mlango wangu, nikamlaza chini kwenye vumbi. Akafumbua macho. "Mbona unga wote umemwagika?" akasema. Nikamkumbatia pale njiani kama mwendawazimu, naye ananisukuma, anasema tuna watu wanatungoja.

Kesho yake nilikwenda Buruburu. Daudi alinifungulia mlango, akanitazama uso. Akakaa kwenye ngazi. Aliniambia msomaji wake alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Walikuwa kwenye mashindano madogo ya Jumapili, njia ile ile, daraja likiwa zima. Ndugu yake akasoma sawasawa: daraja, usiachie. Daudi akaogopa. Akakanyaga breki, gari likazunguka, nguzo ikaingia ubavu wa kushoto.

"Alikuwa amesoma sawa, mzee," akasema. "Lilikuwa linapitika. Mimi ndiye sikumwamini. Na alipokuwa anakata roho aliniuliza saa. Sikumjibu. Nilikuwa nalia tu." Gunia aliliweka baadaye, alipoona kiti hakikubali kuwa kitupu. Alilipima kwenye mizani ya duka mpaka likalingana na mdogo wake, kijana mwembamba.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamfokea. Nilikuwa nataka kumpiga, na uzee wangu wote.

"Ningekuambia, ungenunua?"

Nikaketi kando yake kwenye ngazi. Hata leo jibu langu naona haya kumpa mtu.

Gari nililifuata na sheikh na mafundi wawili wa Gikomba, tukalifungua pale pale lilipokuwa, skrubu moja moja. Kiti cha kushoto nilikichoma moto mwenyewe. Chuma kiliuzwa, kikayeyushwa, nasikia kimekuwa sufuria na majiko. Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo.

Siku iliyofuata baada ya kukichoma kiti, Mama Halima alikuwa anafua nguo uani. Akaacha kufua. Akanyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti ya kijana, "Saa ngapi?" Nikatazama, ni saa kumi na dakika nane. Nikamjibu. Akaandika kwa kidole kwenye povu, akaendelea kufua. Na kesho yake tena, na kila siku toka hapo, mpaka leo. Yeye hajui. Tulimsomea, tukafanya kila lililo halali kufanywa. Sheikh mwishowe akaniambia, mjibu tu, huyo hataki zaidi ya hilo.

Siku moja nilichelewa msikitini. Nilipofika nyumbani hayupo. Tulimpata Jogoo Road, miguu mitupu katikati ya magari, anakwenda mashariki, na midomo inasoma. Kulia. Mia. Usiachie. Nilimjibu kwa kupiga kelele kutoka upande wa pili wa barabara, ndipo aliposimama. Tangu siku ile sijasafiri, sijalala hospitali, sijazika mtu mbali na hapa. Na mimi namzidi miaka kumi na miwili. Unaelewa ninachosema? Halima nilimfundisha, akamjibu vizuri kabisa, lakini mama yake aliendelea kuuliza mpaka nilipotamka mimi. Labda anataka sauti ya kiume. Labda ananitaka mimi tu. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakoniamsha usiku.

Kwa hiyo wewe, ukienda kununua gari la mtu, usiulize injini peke yake. Zunguka upande wa kushoto, uguse mlango, muulize mwenyewe ni nani alikuwa akikaa pale na aliishia wapi. Akikuambia usitoe kitu, usishike funguo mpaka akuambie sababu. Na macho yako yakianza kuingia ukungu, mwambie mkeo. Mimi haya yote niliyajua nikiwa nimechelewa.

Saa yako inasema ngapi? Na yangu hivyo hivyo. Basi sogea huku karibu na mlango wa jikoni, taratibu, usimshtue. Unaona? Ameweka ungo chini. Amenyoosha mgongo. Safari hii mimi sitasema kitu. Usiogope, hakuna litakalokupata, ni saa tu. Nataka umjibu wewe, nisikie kama atakukubali.